Mkono wa Nne wa Jeneza

Mwanangu Swedi,

Mama yako ameshamaliza habari za sabuni, za soksi, na za namna ya kumsalimu mke wa mjomba wako, nami sitazirudia. Ya kuvuka ziwa anayajua nahodha. Sasa ni alasiri; wewe tangu asubuhi umepanda mtaa wa juu, Gihosha, kumuaga shangazi yako, na mimi nimeketi karakana, kwenye benchi lako, nimeegesha mlango ili wateja wadhani hakuna umeme. Katika mji wetu hawataona ajabu.

Nilikaa hapa kuandika barua nyingine. Juzi uliniomba nimwandikie Mjomba Shabani, huko Kigoma, maneno machache ya kukutambulisha. Ukaongeza, huku ukitazama chini: "Baba, umuandikie mi nafanya milango na madirisha tu. Asinipe kitu ya kubeba mutu." Nimeandika salamu. Nimeandika umri wako na miaka uliyofanya kazi nami. Nilipofika kwenye mstari huo nimeshindwa, kwa sababu si kweli, na aliyeufanya uonekane kweli ni mimi. Mjomba wako anatengeneza matrela, ngazi na viunzi vya maboti. Ukimfikia na sharti hilo atakupa brashi ya rangi, na utaishika maisha yako yote ukiamini ndiyo unayostahili.

Basi nimeiweka kando barua ya mjomba, na hii ni yako. Nitaificha ndani ya boksi jipya la bageti za kuchomelea nililokufungia kwenye sanduku. Najua utaiona upesi, maana wewe hugusi kijiti kimoja cha kuchomelea kabla hujasoma boksi lake pande zote nne. Tabia hiyo hukuipata kwangu. Laiti ningeipata mimi kwako mapema.

Unakumbuka tulivyoanza. Shule niliyokuwa nikifundisha ufundi ilipofungwa kwa sababu ya vita, nilirudi mtaani kwetu Buyenzi na cheti kizuri, suruali tatu, na vidole ambavyo havijawahi kuungua. Wewe ulikuwa umeshajifunza kwa jirani kushika koleo na kuvuta moto. Mtaa ukaniita Profeseri, na sikujua kama ni heshima au ni kejeli. Nadhani ilikuwa vyote viwili. Mimi nilijua kwa nini moto unawaka, lakini ni wewe uliyejua lini umewaka vizuri. Ulinifundisha kusikiliza: moto mzuri unalia kama mafuta yanayokaanga vidagaa vya sambaza, mfululizo, bila kukatika. Uliniambia, "Baba, funga macho, usikie." Nashukuru kwa hilo. Wapo baba wengi waliosoma ambao hawakupata mtu wa kuwaambia wafunge macho.

Nami nilikulipa kwa maelezo, kama kawaida yangu. Nilikueleza kwenye benchi hili kwamba umeme wa ukutani ni kama msumeno wa watu wawili, unakwenda na kurudi, na kwamba mashine yetu ya kuchomelea haiubadilishi; inaupunguzia volti na kuuongezea ampea tu, lakini unabaki wa kwenda na kurudi. Kati ya kwenda na kurudi kuna nukta ambapo umesimama. Hapo moto unazimika. Katika kila sekunde unazimika na kuwaka tena mara mia moja, na jicho halioni kitu. Ukaniuliza ni nani anayeuwasha tena. Nikakuambia ni ganda, ule unga mgumu uliozunguka waya wa bageti: ukiungua unatoa moshi unaoipa njia cheche inayofuata. Ukacheka. "Basi ganda ndiyo fundi. Mi ni mubeba-ganda tu."

Ndiyo maana kwa mashine kama yetu kuchagua bageti ni kuchagua ganda. Zile za kawaida, ambazo ganda lake lina madini ya rutili, zinaupenda umeme wetu. Zinawaka kwa kuguswa, mavi ya chuma yanabanduka yenyewe ukiyapigapiga, na hata umeme ukilegea saa ya kupika zinavumilia. Ziko nyingine wanazoziita baziki. Hizo ni za madaraja na matangi. Mshono wake ukikubali haupasuki kirahisi, lakini masharti yake ni mengi: nyingi zinataka umeme ulionyooka, usiorudi nyuma, na hata zile zinazokubali umeme wetu zinataka mashine yenye volti nyingi kuliko hii. Tena zinataka kukauka kabisa, zitoke kwenye tanuri moto na kutumika zikiwa na joto. Bageti ya baziki iliyonyonya unyevu ni kama mgeni wa heshima aliyekuja na ugonjwa. Hayo yote niliyajua. Niliwahi kuyaandika ubaoni.

Sasa nisikilize kuhusu jeneza.

Unajua ilivyokuwa miaka ile ya vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka. Lile jeneza la mbao la msikiti, linalobeba wafu hadi makaburini na kurudi tupu, lilikuwa limechoka, maana halikuwa likipumzika. Wazee wakatuomba tutengeneze la chuma. Ndiyo kazi iliyonipa fahari kuliko zote tulizowahi kupata. Nilichora kwa rula. Nilipiga hesabu ya uzito wa mtu mzima, nikauzidisha mara mbili, nikaugawa kwa mikono minne ya bomba itakayotoka kwenye kona na kulala juu ya mabega. Kwenye karatasi lilikuwa jeneza la kubeba ng'ombe.

Bageti zilikuwa haba. Wewe ulikuwa na boksi moja la rutili, limekwisha nusu, ukilihifadhi ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko, juu ya rafu, mbali na sakafu. Kwa hizo ulichoma fremu yote, kisha mkono wa kwanza, wa pili na wa tatu. Nilikutazama ukichoma ule wa tatu. Ulijaribu kwanza kwenye kipande kibovu, ukakipiga nyundo mpaka kikavunjika, ukatazama ndani, ukapunguza moto kidogo, ndipo ukagusa jeneza. Umri wako ulikuwa miaka kumi na minane.

Kabla ya mkono wa nne nilikuambia usubiri. Siku chache nyuma rafiki yangu mmoja wa Ruziba alikuwa amenizawadia boksi lililobaki kwenye kazi ya daraja, likakaa mwaka mzima kwenye stoo yake kando ya ziwa. Lilikuwa la baziki. Nililigeuza, nikaona namba ya nguvu ya mshono, kubwa kuliko ya zile zako, nikafurahi kama mtoto. Nikasema mkono utakaokaa upande wa kichwa nitauchoma mimi, kwa bageti za nguvu. Chini ya namba ile palikuwa na alama ya umeme. Ile ya wimbi, ambayo ni umeme wetu, haikuwepo. Palikuwa na mistari miwili iliyonyooka, ya umeme usiorudi nyuma, na alama ya kujumlisha. Mimi niliyekufundisha alama hizo sikushusha jicho kwa upana wa kidole kimoja.

Moto ukakataa. Kijiti kikawa kinanata, kinang'oka, kinawaka, kinazimika. Nikaulaumu umeme wa mji. Nikaongeza mashine, kikatema cheche kama paka aliyekanyagwa. Ndipo uliponisogelea.

"Baba, hii bageti inakatala. Haisikii mashine yetu."

"Itasikia."

"Nimebakisha tatu kwa kopo. Chukua zangu."

Nami nikakujibu, mbele ya mteja aliyekuwa amesimama mlangoni: "We soma kwanza, ndipo unifundishe."

Mteja akacheka. Wewe ukarudisha kopo kwenye rafu, taratibu, ukachukua brashi ya rangi kwenda kuiosha. Swedi, nimefanya makosa mengi ambayo nimeyasahau, na mengine nimeyasamehe. Sentensi ile naisikia bado kwa sauti yangu mwenyewe.

Nilimaliza mkono wa nne kwa vipande vipande. Ulionekana mbaya, una mabonde na matundu. Badala ya kuusaga hadi chini na kuanza upya, niliusaga juu juu mpaka ukang'aa, nikauvisha rangi ya kijani kama kanzu, mbili moja juu ya nyingine. Jua sasa kwamba rangi ya kijani ya lile jeneza ilikuwa nene upande mmoja.

Lilibeba watu wengi kwanza. Hilo ndilo lililonipa imani mbaya. Kisha akafariki Mzee Juma, yule mshonaji wa kanzu wa barabara ya nyuma yetu, mtu mnene aliyependwa na kila mtu. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukiandika kwenye hesabu yangu. Niliupigia hesabu uzito wa maiti, nikawasahau walio hai. Maiti wetu habebwi na watu wanne waliotulia. Kila mwanamume anataka kupata thawabu za kuweka bega lake. Watu wanasukumana, mmoja anaingia kabla mwingine hajatoka, mfupi anampokea mrefu, wanakwenda kwa haraka, na jeneza linapita juu ya vichwa kama kitu kinachoelea, likipindika huku na huku. Nimebeba majeneza tangu ujana wangu. Nilikuwa mmoja wa wanaosukumana. Haikunijia kamwe kwamba msukumano ule una uzito.

Tulikuwa tumebakisha hatua mia mbili kufika makaburini mkono wa kichwani ulipokatika. Ulilia kama kijiti kikavu. Kona ikashuka. Bakari, mtoto mkubwa wa Mzee Juma, alikuwa karibu. Akatia kiganja chake chini ya fremu, kwenye makali yale yale ya chuma kilichovunjika, akainua. Hakuacha wala hakubadilishana na mtu. Alitembea hatua zote zile mia mbili damu ikishuka ndani ya mkono wa kanzu, na baba yake hakugusa udongo mpaka alipoteremshwa kwa heshima.

Baada ya mazishi watu walilizunguka lile jeneza tupu. Ulikuwa umesimama nyuma yangu.

"Nani alichoma hii kona?" mmoja akauliza.

"Si ule kijana ya Profeseri?"

"Eh, kweli! Mutoto anajifunzia kwa maiti yetu?"

"Muache, Profeseri alikuwa kwa kitabu. Kijana alikuwa kwa moto."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka na misiba. Kisha wakanitazama mimi nijibu. Nilisema: "Tutatengeneza."

Neno moja tu. Sikusema ni wewe. Sikusema ni mimi. Nilisema "tutatengeneza", na nikajiambia kwamba sijadanganya. Nilipogeuka nilikuta umeshaondoka.

Siku ile jioni niliufungua mshono. Ndani ulikuwa na matundu kama andazi, na chuma kilikuwa kimeshikana ngozi tu, hakikuingia. Unyevu, moto usiofaa, na kiburi. Nilichukua kopo lako. Nilisaga mpaka nikakutana na chuma safi, nikauchoma mkono wa nne upya kwa bageti mbili kati ya zile tatu ulizonipa nikazikataa. Zilikubali mara moja. Nilidhani kesho yake nitakueleza. Kesho yake kulikuwa na milio ya risasi upande wa juu wa mji, tukajifungia ndani siku mbili. Kisha ikawa keshokutwa, kisha mwezi. Kutosema nako kuna kanzu zake za rangi, na kila siku nilipaka moja.

Nilidhani umesahau. Kisha Bakari akaja, kiganja bado kimefungwa kitambaa, amebeba fremu ya baiskeli ya kubebea abiria. Akasema, "Mupe Swedi aichome." Ukajibu kabla yangu: "Apana, kaka Bakari. Mi sichomi kitu ya kubeba mutu." Bakari akakutazama, akanitazama mimi. Nikaipokea ile fremu nikaichoma mwenyewe. Hata hapo sikusema. Imepita miaka minne. Umechoma milango mizuri kuliko yote Buyenzi, na kila lilipoletwa trela au ngazi ulisogea pembeni ukanipisha.

Swedi, mkono uliokatika ulikuwa wangu. Nadhani kwa muda fulani wewe mwenyewe ulilijua hilo, kwa sababu uliniona nikiuchoma. Lakini ukiwa na miaka kumi na minane, ukisikia watu wazima wote wanasema jambo moja, na baba yako, aliyesoma, hakani, unaanza kujiuliza kama fremu uliichoma vizuri, kama kona ililegea kwa sababu yako, kama ulikumbuka vibaya. Ulikumbuka sawasawa. Nisamehe. Sikuombi unisamehe leo. Safari ina mambo yake.

Sikutaka haya yawe kati yangu na karatasi tu. Leo baada ya swala ya adhuhuri niliomba ruhusa kwa imamu nikasimama. Mimi ambaye hupenda kueleza, sikupata maelezo. Nilisema: "Mkono wa jeneza uliokatika siku ya Mzee Juma niliuchoma mimi, kwa bageti mbaya, na mwanangu alinionya. Nyinyi mlimtaja yeye, nami nikanyamaza."

Kisha yule yule aliyeuliza makaburini akasema, "Miaka ine, Profeseri? Hata mutu anasoma herufi moja-moja anamaliza mbele yako." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, na nilistahili.

Bakari alinisubiri nje kwenye viatu. Nilianza kumwomba radhi kwa ajili ya kiganja chake. Akakifungua akanionyesha kovu, akakifumba tena.

"Mi sikuuliza siku ile nani alichoma mukono ya kukatika," akasema. "Kila mutu aliuliza ile. Mi niliangalia ingine. Moja ilikatika, kilo yote ya baba ikaangukia zile tatu, na watu wanasukumana vile. Hazikutingishika. Walisema yote ni ya Swedi; mi nilikuja na baiskeli yangu nikitafuta mwenye zile tatu."

Miaka minne nilimwona Bakari kama mtu aliyekuja kutuonea huruma. Kumbe alikuja kama mteja anayejua kazi. Mtu ambaye hajawahi kushika koleo alisoma jeneza lile vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo nakupa unachostahili, ambacho nilichelewa kukupa. Zile ulizochoma wewe zilimfikisha Mzee Juma kaburini. Hata hatua zile mia mbili, chuma kilichobeba kilikuwa chako. Nashukuru kwa kazi ile kama ambavyo mtu hushukuru kwa kuokolewa na aibu kubwa zaidi, maana laiti ungechoma kama baba yako siku ile, Bakari angehitaji viganja vinne.

Utakayoyakuta Kigoma siyajui. Umeme wa huko labda una ulegevu wake, na mashine ya mjomba labda ina volti ambazo sisi hatuna. Isome. Mtu akikuletea bageti za sifa, tafuta alama ya wimbi kabla ya namba ya nguvu, kisha uliza zililala wapi. Rutili zikipata unyevu zianike juani au karibu na jiko, zitarudi. Usizioke kama mkate, ganda litapasuka. Lakini haya unayajua, na ninayaandika kwa sababu nimezoea kueleza ninapokuwa na la kusema jingine. Ukikosea, saga mpaka chuma safi. Na mtu mdogo kuliko wewe akikunyooshea kopo lake, lipokee.

Ile bageti ya tatu, iliyobaki kwenye kopo, sikuwahi kuitumia. Nimeiweka ndani ya boksi pamoja na barua hii, nimeifunga kwa plastiki. Ina miaka, kwa hiyo ianike kwanza, uijaribu kwenye chuma kibovu, uvunje, uangalie ndani. Ikiwa bado nzima, anzia nayo trela la kwanza.

Barua ya mjomba wako nimeimaliza sasa hivi. Ule mstari sikuuandika. Nimemwandikia hivi: "Jeneza la msikiti wetu lina mikono minne. Mitatu aliichoma Swedi. Wa nne niliuchoma mimi mara mbili, na mara ya pili kwa bageti zake. Mpe kazi za kubeba watu."

Nawe usiwe na wasiwasi nasi huku. Vita vitakwisha au havitakwisha, mama yako atapika, na mimi nitaendelea kueleza watu mambo wasiyoyauliza. Siku yangu itakapofika, watanilaza juu ya jeneza lile. Nimelipima tena leo, baada ya Bakari kuondoka: nimeweka bega langu chini ya kila mkono, nikainua. Wasukumane wanavyotaka.

Baba yako